Dakika Arobaini za Prudensia Kokushubira

Ijumaa, tarehe 29 Mei 2026, saa kumi na moja jioni, Prudensia Kokushubira atarudisha kitambulisho chake na ufunguo wa gari la vipimo, baada ya kuitumikia idara ya afya ya kaunti kwa miaka ishirini na sita. Wahariri wa jarida la Umoja wetu wa wahudumu wa afya wameniomba niandike wasifu wake, kwa kuwa nilikuwa mkuu wake kwa miaka kumi na mitano. Ninauandika kitandani, nyumbani kwangu Euless, huku ughaibuni. Muuguzi anayekuja kunitazama ameniambia bila kuficha kwamba Julai sitaifikia. Kwa hiyo nitasema yote.

Prudensia alitoka Bukoba na cheti cha uuguzi, akaanzia Haltom City kuwachanja watoto wa wakimbizi. Mwaka 2009 alisomea upimaji wa mionzi. Kusini mwa Mansfield kuna kituo cha utafiti chenye kinu kidogo cha nyuklia, na kila wiki lazima mtu azizungukie mashine zinazovuta hewa kando ya uzio wake, atoe karatasi za chujio, azipime na kuweka mpya. Hakuna aliyeitaka kazi hiyo, maana ni jua, nyoka na namba zilezile kila wiki. Yeye ameifanya miaka kumi na saba, chupa ya chai ya tangawizi kwenye kiti cha pembeni.

Saa ya kompyuta hakuiamini hata siku moja. Muda wa kutoa chujio aliuandika kwa kalamu kiganjani, ndipo auhamishie kwenye daftari. Katika picha ya harusi ya binti yangu Abigail, wakati wa kukata keki, Prudensia anapiga makofi na kiganjani pake panasomeka saa nane na dakika kumi. Tulimcheka mwaka mzima.

Kisha ukaja Agosti 2022. Moto ulianzia kando ya barabara, kwenye nyasi ambazo hazikuwa zimeona mvua kwa siku sitini. Kufika saa nane mchana ulikuwa maili mbili kutoka uzio wa kituo. Upande wa pili wa uzio kuna nyumba ya wazee, na siku ile ilikuwa na wakazi mia moja na kumi na wawili. Thelathini na mmoja kati yao walikuwa wakipumua kwa oksijeni. Nje joto lilikuwa nyuzi arobaini na moja, na barabara ya kutokea ilipita katikati ya moshi.

Prudensia alikuwa pale kwenye nyumba ya wazee pamoja na Chebet, muuguzi wetu kijana kutoka Eldoret. Chujio walilotoa kwenye mashine ya uzio lilionyesha themanini na nne, mara nne ya kawaida.

“Madam, hiyo namba imeenda juu vibaya,” Chebet alimwambia. “Tuna-evacuate ama?”

“Bado. Funga madirisha, zima feni zinazovuta hewa ya nje, weka taulo mbichi chini ya milango. Halafu tutalisoma chujio hili tena baada ya dakika arobaini.”

Alikuwa na sababu. Ardhini hutoka gesi ya asili yenye mionzi, na moshi mzito ukitanda chini huikusanya hadi chujio likaonyesha namba ya kutisha. Lakini mionzi hiyo haidumu, na baada ya dakika arobaini hupungua karibu nusu. Kilichotoka kwenye kinu hakishuki upesi hivyo. Jambo hilo nilimfundisha mimi mwenyewe.

Ila siku ile nilikuwa ofisini, simu tatu zikilia kwa pamoja, na niliogopa. Niliagiza mabasi saba. Kwa kanuni zetu, mabasi hayo hayawezi kuondoka bila sahihi ya aliyepima hewa. Nikampigia.

“Pru, saini tuwatoe watu.”

“Kaka Melkiori, nikisaini tunawapitisha wazee hawa kwenye moshi. Wengine hawatashuka wazima.”

“Na kama ni kinu?”

“Basi tuko nao humu ndani, mimi na Chebet.”

“Hiyo ni amri.”

“Nimeisikia. Nasubiri chujio.”

Akakata simu. Katika dakika zile arobaini, yeye na Chebet walipita chumba kwa chumba wakiziba milango. Mimi nilikaa mezani nikamwandikia barua ya onyo kwa kukaidi amri.

Kipimo cha pili kilikuwa arobaini na tatu. Jioni upepo uligeuka, na wazima moto wakaudhibiti moto kabla haujafika kwenye uzio. Kesho yake maabara ya Houston ilithibitisha kwamba hakuna kilichotoka kwenye kinu. Hakuna mzee aliyekufa, na hakuna aliyehamishwa.

Ningeweza kuichana barua. Lakini waandishi wa habari walikuja kuuliza nani aliyekuwa na moyo wa kusubiri, nami nikajibu kwamba tulisubiri kwa uamuzi wangu. Baada ya kusema hivyo nikahitaji anyamaze, nikaiweka barua kwenye faili lake. Mwaka uliofuata nilistaafu na tuzo ukutani, niliyopewa kwa uamuzi ule. Prudensia aliomba nafasi yangu, wakafungua faili, wakaiona barua, akanyimwa. Chebet alitaka kwenda kusema. Prudensia alimkataza, akamwambia wapo wazee wa kutazamwa.

Tangu nianze kuugua, huniletea mtori wa ndizi kila Jumapili. Hajawahi kuitaja siku ile.

Wiki iliyopita nilimwandikia mkurugenzi, Bwana Rogers, maelezo yenye sahihi yangu, na Chebet akaweka yake kama shahidi. Jumanne nilipata jibu: barua imetolewa kwenye faili, naye Prudensia atastaafu na rekodi safi. Cheo hakuna awezaye kumrudishia. Tuzo nimeishusha ukutani. Abigail ataileta kwenye hafla, ikiwa na jina la aliyestahili.

Dada Prudensia, asante kwa hewa uliyotupimia na kwa watu waliobaki hai bila kujua ni nani wa kumshukuru. Nakutakia ustaafu wenye afya, usingizi wa kutosha na viganja visivyo na wino. Nakuomba msamaha, lakini usinijibu papo hapo ukumbini kwa huruma ya mgonjwa. Andika saa kiganjani, usubiri, kisha uyasome haya mara ya pili. Kitakachokuwa kimebaki moyoni mwako, niletee Jumapili.