Ndama Asiye na Alama

Gari la Tarime lilipopita Manchira, Boke alikuwa bado anaomba moyoni. Kesho darasa lao la jioni lingefanya mtihani wa fizikia, na safari hii wasingepewa karatasi ya kanuni. Alikuwa akimsihi Mungu airudishe.

Kiti cha mbele, binti mwenye sare ya shule alikuwa akibishana na mwalimu mstaafu wa fizikia.

"Hata sisi wametuondolea karatasi ya kanuni, mwalimu. Mimi sijali."

"Hujali kwa sababu bado hujasahau."

"Nikisahau, natafuta. Ng'ombe wa baba akipotea tunamtambua kwa alama tuliyomchoma. Kanuni nayo alama yake ni kizio, kile kipimo chake. Kanieneo, yaani presha, ni newton kwa mita ya mraba, basi ni nguvu gawanya kwa eneo. Ng'ombe kapatikana."

Mzee alicheka mpaka kofia ikamshuka usoni. Boke akajaribu densiti kimyakimya: kilo kwa mita ya ujazo, kwa hiyo tungamo gawanya kwa ujazo. Ikatoka. Alimtazama yule binti kisogoni kwa heshima, kama anayemtazama mhubiri.

"Na nishati mwendo?" mzee akauliza. "Ile nusu iliyo mbele ya kanuni yake haina kizio; alama yake ni ipi?"

Binti alifikiri. "Huyo ni ndama, mwalimu. Bado hajachomwa."

"Ndama naye huibwa, mwanangu."

Gari likasimama stendi ya Mugumu, nao wakashuka wakiendelea kubishana. Boke alibaki kitini kidogo, macho kayafumba.

"Bwana," alinong'ona, "ng'ombe wakubwa nitawatafuta mwenyewe. Nilindie huyo ndama."