Bi Mashoto na Ukili wa Upande Wake

Shangazi yetu tunayemzika leo alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, mtoto wa pili wa mama msusi wa mikeka na baba mchoma mkaa. Jina la Bi Mashoto alilipata akiwa na miaka saba. Alijifunza kusuka ukili, ule utepe mrefu wa majani ya miyaa unaoshonwa ukawa mkeka, akiwa amekaa uso kwa uso na mama yake na kuiga alichokiona. Kulia kwa mama kukawa kushoto kwake. Alikula na kuandika kwa mkono wa kulia. Ukili peke yake ndio uliokwenda kinyume, na mama yake alipogundua, yeye alikuwa ameshazoea.

Alisoma hadi darasa la nne, mwaka 1963. Mwalimu alimsifu kwa mwandiko na kumlalamikia kwa domo.

Mwaka 1970 aliolewa na fundi baiskeli, mtu mpole aliyetangulia mwaka 2004. Walijaliwa watoto watatu, na mikeka ndiyo iliyowasomesha.

Mwaka 1978 alijiunga na kikundi cha akina mama wasusi. Pale kila mmoja alileta ukili wake, ukashonwa pamoja na wa wenzake. Wake uligoma. Ulipokutana na wa wengine, mkeka ulijikunja kama sikio. Mkaguzi wa kikundi, wifi yake, ambaye ndiye mama yangu mzazi, akaurudisha mbele za watu. Marehemu alibeba miyaa yake akaenda kushona peke yake barazani kwake, na tangu hapo mawifi hao walisalimiana shingo upande. Wanunuzi waliipenda mikeka yake. Wanawe nao walijifunza wakiwa wamekaa mbele yake, kwa hiyo wakatoka wasusi wa kulia. Jambo hilo lilimchekesha hadi machozi.

Novemba 2022 alipata kiharusi, mkono wa kushoto ukafa ganzi. Mkeka aliomwahidi binti yake mdogo ulikuwa umebakiza pima nne za ukili, na hakuna aliyeweza kuumalizia. Hilo lilimuuma kuliko ugonjwa wenyewe. Mama yangu akaenda bila kuitwa. Siku ya kwanza alikaa kwenye kigoda mbele ya kitanda, akasuka, ukatoka wa kulia.

"Wifi, ukikaa huko utasuka wa kwenu tu," marehemu alimwambia. "Njoo ukae upande wangu."

"Si ungeniita zamani?"

"Ungekuja?"

Mama alivua viatu, akapanda kitandani.

Mkeka ulikamilika tarehe 11 Juni 2023. Marehemu alifariki Alhamisi ya tarehe 15, saa nne asubuhi.

Ameacha watoto watatu, wajukuu saba, kaka mmoja na wifi mmoja. Mkeka wenyewe ni huu uliotandikwa mbele yenu. Pima nne za mwisho zimelegea, hata mimi nisiyejua kusuka naziona. Marehemu naye aliziona, na safari hii hakuna kilichorudishwa.

Shangazi yetu apumzike kwa amani. Mama ameniomba niongeze kwamba wifi yake amwachie nafasi wazi pembeni, upande wake.