Fangasi Ndani ya Suruali

Katika basi la kutoka Benaco, Bibi Eustakia alimsikia muuza dawa akimshauri mama aliyempakata mtoto mwenye mabaka meupe mapajani. Muuza dawa mwenyewe mabaka hakuyaona, kwa kuwa mtoto alivaa suruali.

“Hizo ni fangasi tu, dada. Mpake mafuta yangu.”

“Miaka miwili nampaka dawa za fangasi, kaka. Daktari anataka kukata kipande cha ngozi akipime. Anahofia saratani.”

“Amkate mtoto kwa ajili ya fangasi? Wateja wangu wa Bukiriro wote wamepona. Kila mwezi wananirudia!”

Bibi Eustakia alijiuliza waliopona hurudia nini.

Basi liliposimama Biharamulo, mama alimbeba mwanawe, akaelekea hospitali. Muuza dawa alimfuata mbio, kopo mkononi.

“Basi dada, tujaribu paja moja tu!”