Visanduku vya Rayhana

Nyuma ya stendi ya Voi, kwenye benchi la Mwinyihaji muuza kahawa, asubuhi hiyo hakuna aliyegusa siasa. Rayhana, binti yake anayeanza kujifunza JavaScript, lugha ya kuandikia kurasa za mtandao, alikuwa ametengeneza ukurasa wa kuagizia mboga za akina mama wa Wusi: unagusa kisanduku, alama inaingia, unatuma. Jana Wakesho, mwenye hoteli ya ng'ambo ya barabara, aligusa kabeji, karoti na minji. Ikamjia kabeji peke yake. "Ikikosea tena," alionya, "narudi sokoni." Sasa Rayhana alikuwa ameinamia laptopu, na Mwinyihaji, roho juu, alimwaga kahawa nje ya kikombe.

— Ni netiwaki tu, alisema Festus, aitwaye Injinia tangu afunge antena moja. Hizo milima za Wusi zinakata data. Karoti imekwama huko juu.

— Wapi! alidakia Hudson, fundi paa wanayemwita Mabati. Ni simu ya Wakesho. Kioo imepasuka, inasikia kidole mara moja tu.

— Basi ni treni! Injinia alirudi. Ikipita inazoa data yote inaenda nayo hadi Maungu!

— Mwacheni mwanangu afikiri, alisema Mwinyihaji.

Kisha Rayhana akapiga paja.

— Baba, nimeiona! Niliandika querySelector. Hiyo huokota kisanduku cha kwanza chenye alama, basi. Ilitakiwa querySelectorAll, ivikusanye vyote, kisha nivipitie kimoja kimoja.

— Yaani shida yote ni hiyo "All"? Mabati aliuliza.

— Hiyo tu, ami.

Wakesho alipofika, Rayhana alikuwa ameshaiongeza, akampa ajaribu. Akagusa kabeji, karoti, minji. Akaghairi karoti, akaweka dania. Akatuma. Benchi zima likainamia kioo: kabeji, minji, dania.

— Ehee! Hapo sasa, Wakesho alisema. Sirudi sokoni, Wusi wabaki na mimi.

Injinia alimshika Rayhana mkono kama anayempongeza mhandisi mwenzake. Mwinyihaji akageuza uso, akajifanya anapuliza makaa.

— Lakini mbona kahawa ya mzee haimo humu? Wakesho aliuliza.

Rayhana akacheka, akaanza kuandika kisanduku kipya.

— Baba, niiite kahawa ya nani? Ya Mwinyihaji?

Mzee alijinyoosha, akasema kwa sauti ya kufika stendi:

— Andika: kahawa ya babake Rayhana.