Mukono wa Baba-mukwe

Asifiwe Bwana, aliyenisimamisha mbele yenu leo! Ndugu zangu, munanijua. Miye ni Mama Kashindi, nyumba yetu iko ku njia ya Lusangi. Nimekuja kusimulia namna Mungu alinitoa katika woga, na namna alimurudishia baba-mukwe wangu pumuzi.

Bwana yangu alikuwa mbali, kazini ku mugodi. Nilibaki na wazazi wake, na mudogo wake Ramazani. Siku moja baba-mukwe akarudi toka shamba la pamba anashika kifua. Moyo yake ilikuwa inakimbia! Inakimbia, inajikwaa, inasimama kidogo, inakimbia tena. Mushipa wa shingo ulikuwa unarukaruka, kila mutu anauona. Akilala chali, pumuzi inakatika. Miguu ikavimba.

Ndugu zangu, kila mutu akaleta shauri lake. Wengine walisema apigwe pembe mugongoni, damu mbaya itoke. Wakamupiga. Akazidi kulegea. Wengine walisema, muache, ni uzee tu. Ramazani akawajibu, "Uzee gani unakimbia hivi? Uzee wenu unatembea!" Tukamubeba ku kipoyi, kile kiti cha kubebwa mabegani, mpaka Kabambare. Anfirmie, muuguzi wa pale, akasikiliza kifua, akakunja uso, akatupandisha ku kamio, gari ya mizigo ya kwenda Kasongo.

Munganga wa lopitali ya Kasongo alituonyesha njia mbili. Muzee alale lopitali muda murefu, wamuangalie wenyewe. Ao arudi nyumbani na chupa ya matone, ya kupunguza mbio ya moyo. Lakini akatuonya: hii dawa ni nzuri na ni kali. Kila asubuhi, kabla ya kumupa, mutu ashike mushipa wa mukono na ahesabu kwa saa. Moyo ikipiga polepole kupita kipimo, asipewe. Matone yakizidi, yataisimamisha.

Baba-mukwe akakataa kulala pale. "Nikiota kwa lugha yetu ya Kibangubangu, nani atanijibu hapa? Munirudishe kwangu."

Sasa nani atahesabu? Ni miye tu nilisoma, masomo ya jioni ku misioni, na saa ya bwana yangu ilikuwa kwangu. Lakini munajua desturi yetu. Mwanamuke hamugusi baba-mukwe wake! Hamutazami usoni, hakanyagi mukeka wake, wakikutana njiani anaingia majanini. Miaka yote ya ndoa yangu sikuwa nimeona vizuri macho ya ule muzee.

Mama-mukwe akapata akili. Tukatundika mukeka katikati ya nyumba. Yeye upande wa muzee, ameshika mushipa. Kila moyo ikipiga, anagonga kinu na kijiti. Miye upande huku na saa, ninahesabu. Ko, ko, ko. Nikisema "iko muzuri", Ramazani anamupa matone.

Mwanzo tulishukuru. Mbio ikapungua, miguu ikashuka. Kisha, ndugu zangu, muzee akaanza kukataa chakula. Akatapika. Akasema, "Mbona ugali yenu ni ya njano? Na ile nguo yangu nyeupe, nani aliitia rangi?" Tukaangaliana. Watu wa kijiji wakasema, wafu wanamuita. Ramazani akataka kuongeza matone. Nikaomba, nikafunga, nikalia jikoni. Kila asubuhi kinu kilikuwa kinanijibu vilevile: ko, ko, ko, iko muzuri. Na muzee alikuwa anaisha!

Asubuhi moja, wakati ninahesabu, jirani akapita akisalimu. Mama-mukwe akaitikia, akauliza habari za watoto, akakohoa. Na kinu hakikuacha! Ko, ko, ko, sawasawa, kama mutu anatwanga majani ya sombe. Nikaacha kuhesabu. Moyo ya muzee ilikuwa ya kujikwaa. Lini ilijifunza kutwanga?

"Mama," nikauliza, "munausikia kweli mushipa?"

Akaweka kijiti chini. Kisha akasema na sauti ndogo, "Mwanangu, mara unapotea. Ukipotea, ninaendelea kugonga tu. Nikiacha, nitasikia kama amekufa."

Ee Bwana wangu! Nikasimama mbele ya ule mukeka. Ramazani alikuwa tayari ameshika chupa. "Mama Kashindi, unaenda wapi? Utamugusa baba?"

Nikasema, "Yesu, shika mukono yangu miye nishike yake." Nikainua mukeka nikaingia. Muzee akanitazama. Sikushusha macho. Nikasema, "Baba, munipe mukono." Akamutazama bibi yake. Kisha akaunyoosha.

Mushipa ukapiga. Nikangoja. Nikangoja! Nikafikiri amekufa na mukono ukiwa ndani ya wangu. Ukapiga tena. Ndugu zangu, ilikuwa chini ya kipimo, chini kabisa!

"Leo hapana matone," nikasema.

Ramazani akapandisha sauti. "Munganga alitoa dawa, wewe unaikataza? Akifa, utamuambia nini kaka?"

"Nitamuambia ni miye. Sasa panda baiskeli, umulete anfirmie wa Kabambare."

Akaenda na hasira. Siku ile sijui niliipitisha namna gani. Nilibaki nimeshika ule mukono, ninaogopa kuuacha. Kama nimekosea, nimemuua kwa kumunyima dawa, na desturi nimevunja juu yake. Anfirmie alipofika, akasikiliza, akafunga ile chupa. "Dawa ilikuwa imemujaa, ndiyo ilimutapisha na kumuonyesha njano," akasema. "Tone moja tena, mungemuzika."

Haleluya! Tulingoja bila matone, tunaomba. Siku moja muzee akavuta sahani karibu. "Leo ugali yenu ni nyeupe," akasema, akala. Mama-mukwe akakimbia inje kulia.

Matone yakarudishwa, machache. Wazee wa ukoo wakaja kuniuliza juu ya kugusa. Baba-mukwe akaleta kuku yake mwenyewe ya kulipia desturi, akaiweka mbele yao. "Kuleni. Mukono ni yangu, niliutoa mwenyewe."

Moyo yake haijanyooka yote, sitawadanganya. Lakini mukeka tuliushusha, baba na mama wanaukalia sasa. Kila asubuhi ananyoosha mukono akinichokoza, "Mukwe, hesabu mbio, uji unapoa!"

Ndugu yangu, wewe unayetetemeka mbele ya mukeka wako leo, muite Yesu, na uinue. Miye niliinua na woga wangu wote, na nilimukuta upande ule. Asante Bwana! Amina.