Kombe Lililomwagwa Gotini

Ndugu zangu, sifa zote ni za Mola aliyenifikisha mbele yenu. Salamu nimewapa. Sasa mnivumilie, maana nimekuja kushukuru na bado nina hasira.

Walionijua zamani wanakumbuka. Mimi ni mtu wa kisiwa cha Koyama, nilikuja Kismayu kubeba mizigo bandarini, na nikawa mchezaji wa timu ya bandari. Nilicheza bila viatu kwenye ule uwanja wa chumvi na kokoto, na hakuna beki wa Kismayu aliyenishika. Tulichukua ubingwa, nikabebwa mabegani mpaka sokoni. Hata Wataliani, waliotutawala wakati ule, walikaa kwenye viti vyao wakanipigia makofi. Makofi tu!

Kabla ya mechi moja kubwa goti langu lilivimba, likawa halikunjiki. Nikamwambia msimamizi wetu wa bandari, Mtaliani, kwamba siwezi kucheza. Akajibu kwamba wageni wake wamekuja kuniona, na nisipocheza nisirudi kazini. Ndugu zangu, mtu yule alinitazama goti kama anavyotazama gunia lililochanika.

Washabiki wetu wakamleta mganga. Alikuwa na kombe, zile aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani na kuoshwa kwa maji ya waridi. Kombe hunywewa, kila mtoto wa Kiislamu anajua. Yeye akalimwaga gotini pangu. Maji yakateremka mguuni hadi mchangani. Nikamwambia hili ni la kunywa, akaniambia ninyamaze, yeye ndiye mwenye elimu.

Nikacheza. Kipindi cha pili goti likapasuka kwa ndani, nikaanguka, na sijakimbia tena mpaka leo. Mtaliani hakuja hata kunijulia hali. Na mganga je? Alipoona watu wanamuuliza kombe lake limefanya nini, akawaambia kwamba mimi ndiye niliyeyakanyaga maneno ya Mungu, na Mungu amenikataa. Mji mzima ukaumeza uongo huo!

Nilipokwenda kusali, nimekaa chini mguu nimeunyoosha, jirani yangu akasogeza mkeka wake mbali nami. Nikaacha kwenda msikitini. Nikarudi Koyama nikajifungia. Ndugu zangu, niliogopa kufa. Nililala nikijiuliza nitamwambia nini Mola ambaye hanitaki, na nani atakubali kuniosha na kunisalia.

Dada yangu Mwana Esha ndiye aliyenitoa. Mumewe alikuwa akiunda mashua, na dada akaniburuta ufukweni nikatie kalafati, maana kazi ya kuziba nyufa kwa pamba na mafuta hufanywa hata na mtu aliyekaa. Nikaziba ubavu mzima wa mashua ile. Siku ya kuishusha majini, kijiji chote kikashika kamba kama ilivyo ada yetu, nami nikashika. Na nani aliyeitwa kutoka Kismayu kuisomea dua? Mganga yule yule. Akaniona, akasema niiachie kamba, nitaitia mashua nuksi.

Nikaiachia. Nilikuwa nimezoea kuachia.

Mwana Esha akaja akasimama kati yetu, mbele ya wanaume wote. Hakupaza sauti. Akamuuliza kwa lugha yetu ya kisiwani, "Kombe lile aliyelimwaya ni nani? Ni huyu au ni wewe?"

Mganga akatazama pembeni. Dada akauliza tena. Mganga akarudi nyuma hatua moja. Dada yangu akasema, "Mchu huyu ni ndu yangu. Asiposhika kamba, mashua haishuki."

Shemeji yangu, mwenye mashua, akasoma Fatiha mwenyewe. Nikakaa mchangani, nikakita kisigino cha mguu mzima, nikavuta. Nililia hadharani, sioni haya kusema. Mashua ilipogusa maji, mganga alikuwa ameshaondoka, na ule woga wa miaka ulikuwa umenitoka kifuani. Goti halikupona. Mungu hakuwahi kunikataa, alinikataa mtu!

Alhamdulillahi, namshukuru Mola kwa ulimi wa dada yangu. Mtaliani sijamsamehe, naomba nifike huko, sijafika.

Na wewe uliyejifungia nyumbani kwa sababu kuna mtu amekuambia Mungu hakutaki, nakuomba, mtegemee Mungu mwenyewe, usimtegemee huyo msemaji. Njoo msikitini Ijumaa. Mimi nimerudi, hukaa safu ya mwisho, mguu nimeunyoosha. Kaa ubavuni kwangu, mkeka wangu sitausogeza.