Mzee Tumainieli na Mashine Isiyonguruma

Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, Mzee Tumainieli Mbwambo anastaafu baada ya kuitumikia Hospitali ya Mrindini kwa miaka thelathini na minne na miezi minne. Alifika hapa Februari 1991 akitokea Myamba, na barua ya mchungaji mfukoni na fyekeo lake mwenyewe begani. Katika fomu yake ya ajira, ambayo bado imo kwenye faili lake, mahali palipoandikwa "Ujuzi" alijaza: "Majani na mengineyo."

Mengineyo yalikuwa mengi. Amezibua mifereji, amepaka rangi vitanda vya wodi ya watoto, na mwaka ule barabara ilipokatika kwa maporomoko alibeba maboksi ya dripu mgongoni hadi getini. Lakini mtu akiuliza Mzee Tumainieli ni nani, jibu ni moja: yule wa nyasi.

Kwa miaka kumi na mitano ya mwanzo nyasi zote za hospitali zilikatwa kwa mkono. Mwaka 2006 marafiki wa hospitali walituletea mashine ya petroli ya kukatia nyasi, ile ya kukaliwa kama trekta dogo. Aliitunza kuliko wengi wetu tunavyotunza viatu vya Jumapili. Plagi aliisafisha kwa mswaki. Mkanda ulipokatika, na mpya ukakosekana kuanzia Same hadi Moshi, alitafuta mkanda wa mashine ya kusaga, akaukata na kuuunga mwenyewe. Ulidumu miaka miwili.

Mashine ile ilikuwa na kasoro moja ambayo kila aliyewahi kulazwa hapa anaijua. Ilinguruma. Wodi zetu zimezungukwa na nyasi pande zote, na ikipita karibu madirisha hufungwa, na daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa hulazimika kusubiri. Mzee Tumainieli hakuwahi kulichukulia jambo hilo kuwa dogo. Kila asubuhi alipita kwa muuguzi wa zamu kuuliza, "Leo nani hataki kelele?" Palipokuwa na mgonjwa mahututi aliacha mashine stoo, akachukua fyekeo. Machi mwaka jana marehemu mume wangu, Fredrick, alilazwa wodi ya wanaume siku ishirini na moja, na siku zote hizo nyasi za chini ya dirisha lake zilikatwa kwa mkono. Fredrick akilisikia fyekeo alikuwa anasema, "Tumainieli huyo," kisha anapata usingizi kidogo.

Ndiyo maana ilipofika mashine ya betri, nayo ya kukaliwa lakini isiyonguruma, Machi mwaka huu, tulifurahi. Katibu wa Hospitali, Bi Irine Mmbaga, alimpa Mzee Tumainieli kazi ya mwisho: aijaribu, na kabla ya kustaafu atuambie kama inaweza kuchukua nafasi ya ile ya petroli. Ikiweza, wodi zitapata utulivu. Isipoweza, itapewa hospitali nyingine kule tambarare, yenye eneo dogo kuliko letu.

Ukimya wa mashine hiyo ulileta kisa siku ya kwanza tu. Ndugu wa wagonjwa hupumzika kwenye nyasi mchana, na walizoea kuhama wakisikia ngurumo. Mama mmoja kutoka Ndungu alifumbua macho akamkuta Mzee Tumainieli ameketi juu ya mashine, hatua mbili kutoka miguuni pake, anamsubiri aamke.

"Shikamoo baba. Hicho kiti chako kinatembea bila hata kukohoa?"

"Marahaba mwanangu. Ndivyo kilivyo."

"Basi kifundishe kupiga hodi."

Kesho yake mashine ilikuwa na kengele ya baiskeli.

Kwenye kazi yenyewe ilitukatisha tamaa. Maelezo yalisema ingekata saa moja na nusu bila kusimama. Ilizima baada ya dakika thelathini, na nyasi zikiwa na maji haikufika hata hapo. Ummy, binti kutoka Kileo anayeshika nafasi ya Mzee Tumainieli, aliisukuma kuirudisha stoo hadi akasema bora angekuja na punda. Katikati ya Mei Mzee Tumainieli aliandika barua ya mistari minne: mashine ya betri haifai, wapewe wengine. Hakuna kati yetu aliyewahi kumkuta amekosea kuhusu chombo chochote, kwa hiyo Bi Irine hakumuuliza swali. Lori likapangwa kuja kuichukua Jumatatu tarehe 26.

Ijumaa kabla ya lori, Mzee Tumainieli alisahau koti lake stoo, akarudi kulichukua saa kumi na mbili na nusu jioni. Taa ya chaja ilikuwa imezimika. Alimwita mlinzi wetu Swalehe na kumuuliza nani amekata umeme.

"Nimekata mimi. Mzee wangu, si mwandiko wako huo hapo mlangoni?"

Mlangoni kuna maneno ya rangi nyekundu: "Kuna petroli humu. Umeme uzimwe saa 12 jioni." Mzee Tumainieli aliyaandika mwaka 2009, baada ya moto mdogo uliotokea jikoni.

"Miaka kumi na sita sijaruka hata siku moja," Swalehe akasema. "Au nilikuwa nakosea?"

"Wewe hujakosea. Ni mimi niliyekuwa nailaza na njaa."

Ndivyo ilivyokuwa. Mashine ya betri ililala kwenye stoo ileile ya petroli. Aliichomeka saa kumi jioni akienda nyumbani, na saa mbili baadaye Swalehe alizima umeme kama alivyoagizwa. Asubuhi Swalehe aliuwasha mapema, Mzee Tumainieli akafika na kuikuta taa ya chaja inawaka kama alivyoiacha. Betri iliyohitaji saa nane ilikuwa inapata tatu.

Angeweza kunyamaza. Barua ilishakubaliwa, lori lilishaagizwa, naye alibakiwa na wiki tano tu aondoke akiwa mtu asiyekosea. Jumatatu, baada ya sala ya asubuhi, alisimama mbele ya wafanyakazi wote, kofia mkononi.

"Barua yangu haikusema kweli," alisema. "Mashine haina kosa. Kosa ni langu. Naomba barua irudi na mashine ibaki."

"Mzee, lori limeshatoka Same," Bi Irine alimwambia.

"Basi dereva tumpe chai."

Dereva alikunywa chai, akala na maandazi manne, huku akinung'unika kwamba amepanda milima yote hii kuja kunywa chai kama mkwe. Akashuka na lori tupu.

Siku hiyohiyo mashine ya betri ilihamishiwa karakana ya seremala, ambako umeme hauzimwi na hakuna petroli. Kuanzia hapo ilikata saa moja na robo, siku nyingine zaidi kidogo. Barua ya pili aliiandika tarehe 20 Juni, na safari hii hakuona haya kuandika kwa urefu. Aliandika kwamba mashine ya betri inatosha kwa wodi zote, ofisi na nyumba za wauguzi, ilimradi nyasi zikatwe kila wiki zingali fupi. Haitoshi kwa uwanja wa chini wenye mteremko, wala umeme ukikatika siku mbili mfululizo. Wakati wa masika hakuipima kwa haki, maana betri haikuwa imejaa. Kwa hiyo ya petroli ibaki kwa kazi hizo, na Ummy aulizwe tena mwakani, kwa sababu yeye ndiye atakayekuwa amekaa juu yake. Bi Irine amekubali yote.

Jumatano iliyopita nilipeleka mafaili wodi ya watoto, saa nne asubuhi. Daktari alikuwa ameinama anasikiliza kifua cha mtoto, na dirisha lilikuwa wazi. Chini ya dirisha Mzee Tumainieli alikuwa anakata nyasi. Daktari hakugeuza kichwa. Alisikiliza mpaka akamaliza, akaandika alichosikia, akaenda kitanda kinachofuata.

Mzee Tumainieli, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako, na kwa wale wote waliolala hapa bila kujua ni nani aliyewaacha walale, asante. Wewe na mkeo, Mama Agape, nendeni nyumbani Myamba kwa amani. Tunawaombea afya na mavuno mema, na miaka mingi ambayo asubuhi hutakuwa na haja ya kumuuliza mtu yeyote kama unaweza kuanza kazi.

Justa Mgonja
Kumbukumbu za Wagonjwa